Asali katika Chungu cha Akika

Katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo watu wa pwani ya Afrika Mashariki wameyafuata tangu zamani, na ambayo Ibn Battuta aliwakuta nayo alipopita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, nyama ya akika ina adabu zake zinazoitenga na nyama ya karamu nyingine yoyote. Mbuzi huchinjwa siku ya saba tangu kuzaliwa mtoto, wawili kwa mwana wa kiume na mmoja kwa mwana wa kike. Mifupa yake haivunjwi, bali hukatwa penye maungio. Mguu mmoja hupewa mkunga ungali mbichi. Na nyama iliyosalia hupikwa kwa kitu kitamu, kwa kuitakidi fali njema kwamba tabia za huyo aliyezaliwa nazo zitakuwa tamu. Jambo hili la mwisho wamelieleza waziwazi masheikh walioandika sherehe za Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, na miongoni mwao ni al-Khatib al-Shirbini wa Misri, aliyeishi katika karne ya 16. Madhali vitabu hivyo ndivyo vilivyosomwa katika darsa za pwani, mafundisho yake hayakukomea msikitini, ila yaliingia nyumbani, yakavuka ukumbi, yakafika hata jikoni.

Walakini wanavyuoni walisema kitamu, wasiseme ni kitamu gani. Uchaguzi waliachiwa wapishi, na wapishi aghalabu huchagua kile kilichopo karibu, kilicho kizuri, na ambacho kima chake hakimtoi mtu jasho. Kwa hiyo historia ya chungu cha akika ni historia ya biashara kama ilivyo historia ya dini, na anayetaka kujua kwa nini asali imetoka katika chungu hicho ikaenda kukaa juu ya rafu pamoja na dawa, na ayatazame majahazi, mashamba ya miwa na reli kabla ya kuwalaumu akina mama kwamba wamesahau.

Kwamba asali ilikuwa chakula cha nchi hii tangu kale, ushahidi wake ni mkongwe. Al-Masudi, mwanahistoria wa Baghdad, ambaye safari yake ya mwisho katika bahari ya Zanji ilikuwa mwaka 916, aliandika kwamba watu wa huku walikula mtama, na pamoja nao asali na nyama. Asali hiyo haikuwa ya kuagizwa ng'ambo. Nyuma ya kila mji wa pwani palikuwa na nyika na misitu, na ndani ya misitu palikuwa na watu walioijua kazi ya kurina kuliko wenyeji wa mjini walivyoijua kazi ya kula. Bara ya Lamu mpaka leo wako Waboni, wanaojiita Aweer, ambao uwindaji na urinaji wa asali ulikuwa ndiyo maisha yao, nao humwita kwa mbinja ndege aitwaye mlembe ili awaongoze mpaka penye mzinga uliomo ndani ya mti. Huko mbali zaidi, katika miyombo ya Unyamwezi, watu walitundika mizinga juu ya miti, mingine ya magogo yaliyotobolewa na mingine ya magome yaliyobanduliwa. Burton, msafiri Mwingereza aliyefika Kaze karibu na Tabora mwezi wa Novemba 1857, aliiona akaieleza katika kitabu chake.

Hata hivyo isidhaniwe kwamba asali ya Unyamwezi ilifurika pwani. Mpagazi alibeba kama frasila mbili, na frasila mbili za pembe zilikuwa mali, ilhali frasila mbili za asali, baada ya safari ya miezi mitatu katika jua na vumbi la Ugogo, hazikuwa na faida ya kumlipa hata huyo aliyezibeba. Asali ya bara ililiwa bara, na nyingine ikageuzwa wanzuki, kinywaji ambacho Mwislamu wa pwani hakuwa na haja ya kukitamani, au kama alikitamani hakukiri. Waungwana wa Lamu na Mombasa walitegemea asali ya misitu ya karibu, na wachache wenye uwezo na jamaa wa Hadharamauti wakaletewa asali ya Wadi Doan, ambayo nyuki wake hufyonza maua ya mkunazi, na ambayo Mhadhrami huisifu mbele ya asali nyingine zote, hata kabla ya kuzionja. Katika nchi hiyo ya Hadharamauti na Yemen nzima mkate wa karamu huandaliwa mpaka leo kwa samli na asali juu yake, na Waarabu wa huko waliohamia pwani yetu walikuja na ulimi uliozoea mapishi hayo.

Ama kuipika nyama kwa asali, kuna ufundi wake, na si ufundi wa kuharakishwa. Asali iliyorinwa kwa mwenge huwa nyeusi, ina harufu ya moshi, na ndani yake mna vipande vya masega na mabawa ya nyuki. Hupashwa moto kidogo ndani ya chombo kilichowekwa katika maji yanayochemka, kisha huchujwa kwa kitambaa, nta ikabaki juu. Nyama ya mbuzi, katika vipande vikubwa kwa kuwa mifupa haikuvunjwa, hutokoswa kwanza kwa chumvi na tangawizi mpaka iwe laini. Ndipo hutiwa samli, mdalasini na iliki, na makaa hupunguzwa chini ya chungu. Asali hutiwa mwisho kabisa. Akiitia mapema, mpishi ataiunguza, kwa maana asali huungua upesi kuliko sukari, na ikiungua huwa chungu, jambo ambalo katika akika ni fali mbaya mno. Akiitia kwa wakati wake, mchuzi huwa mzito, hushika mwiko, na nyama hupata rangi ya mninga uliopigwa msasa. Tone la ndimu huukata ule utamu usikinaishe.

Sasa tuje kwa aliyeiondoa asali hiyo chunguni, yaani sukari. Miwa na sukari si wageni wa jana katika bahari hii: kitabu cha mabaharia wa Kiyunani cha karne ya 1 kinaeleza jinsi vyombo kutoka Bara Hindi vilivyoleta katika bandari za pwani ya Wasomali mchele, samli, mafuta ya ufuta na utamu wa miwa kwa shehena moja. Nao wapishi wa Baghdad wa karne ya 10, ambao mapishi yao aliyakusanya Ibn Sayyar al-Warraq, waliyachovya maandazi yao katika asali, ingawa sukari walikuwa nayo. Kwa karne nyingi, basi, viwili hivi vilikaa pamoja, sukari ikiwa kitu cha anasa na asali ikiwa kitu cha kila mwenye jirani arinaye.

Mizani iligeuka katika karne ya 19. Kandokando ya mto Pangani, Waarabu na Waswahili walifungua mashamba ya miwa yaliyolimwa na watumwa, wakasimamisha vinu vya kukamulia, na sukari guru yao ikauzwa Unguja hata Arabuni. Bushiri bin Salim, aliyewapiga vita Wajerumani mwaka 1888, alikuwa mmoja wa wenye mashamba hayo. Hili wasimuliaji wa vita vyake hulipita haraka, nami naona si haki kulipita, kwa sababu utamu uliopatikana kwa urahisi pwani ulilipiwa na migongo ya watu ambao hakuna aliyewachinjia akika. Baadaye vikaja viwanda: Miwani karibu na Kisumu mwaka 1922, Lugazi katika Uganda mwaka 1924, Ramisi kusini ya Mombasa mwaka 1927. Reli nayo, iliyofika Tabora mwaka 1912, ilipandisha sukari na kuteremsha nta, kwa kuwa Ulaya ilitaka nta ya nyuki wetu zaidi ya asali yao. Sukari ikapata rafiki wa kudumu, chai, na ilipokwisha kuwamo ndani ya kopo la kila nyumba kwa ajili ya chai, mpishi wa akika hakuwa tena na sababu ya kumngojea mrinaji. Kaimati na visheti vikachovywa katika shira ya sukari, nyama ikafuata.

Leo asali huulizwa na mwenye kikohozi. Huchanganywa na habasoda au tangawizi, hulambwa kwa kijiko asubuhi, na mnunuzi anayeinunua barabarani katika chupa iliyokwisha kutumika hujiuliza kama haikuongezwa sukari guru. Yaani sukari, baada ya kuitoa asali chunguni, imeifuata hata ndani ya chupa yake. Heshima hii ya dawa ina msingi wake, kwa kuwa Kurani katika sura ya Nyuki imetaja shifaa iliyomo katika kinywaji kitokacho matumboni mwao. Lakini Hadithi sahihi iliyopokewa kwa Bibi Aisha inaeleza kwamba Mtume alipenda halua na asali, na kupenda ni jambo la mwenye afya pia.

Sisemi kwamba akika iliyopikwa kwa sukari haitimii. Inatimia, na hata isiyotiwa utamu wowote inatimia. Nasema tu kwamba asali ya miyombo ya Sikonge na Tabora sasa hufika Dar es Salaam kwa siku moja, jambo ambalo babu zetu wa pwani hawakulipata, na bei yake kwa chungu kimoja haimshindi mtu aliyekwisha kununua mbuzi wawili. Basi atakayejaaliwa mtoto mwaka huu na amwagize mpishi wake chupa moja ya asali safi, na amsisitizie aitie mwisho, baada ya kupunguza moto.