Maneno ya Kukaripia

Mwezi wa Machi 1916 majeshi ya Waingereza yaliingia Moshi, na utawala wa Wadachi ukakoma katika nchi ya Uchaga. Wadachi walituachia neno "shule". Waingereza walituletea "baiskeli" na "blanketi", na pamoja nayo neno la kukaripia, yaani "bladifuli".

Aliyekaripiwa hivyo shambani au ofisini pengine hakujua maana. Alijua sauti tu na uso wa msemaji. Asili yake ni maneno mawili: la kwanza latokana na damu, nalo huongeza ukali, la pili ni "mpumbavu".

Lakini liko neno lililouma zaidi, ingawa si tusi. Neno hilo ni "boi", maana yake mtoto mwanamume. Basi mzee mwenye wajukuu, akimpikia bwana chakula, aliitwa mtoto. Bladifuli lilikwisha pamoja na hasira. Boi lilidumu mchana kutwa.

Wala tusiwalaumu Wazungu peke yao. Kabla yao watu wa pwani walituita sisi wa bara "washenzi", na Waingereza wakalichukua neno hilo hata likaingia katika kamusi zao.

Utawala wa Waingereza ulikwisha mwaka 1961. Je, maneno yao yalikwisha? Leo katika nyumba zetu yumo "hausigeli", naye pengine ni mama wa watoto watatu. Ndugu wasomaji, tukilia kwa ajili ya babu zetu walioitwa boi, tumwite mama huyu kwa jina lake.