Kimini, wigi na kopo la krimu

Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU, chama tawala cha Tanzania Bara wakati huo, ulitangaza kwamba ifikapo siku ya mwaka mpya, Januari 1, 1969, vitu kadhaa vya mavazi na urembo vikome kuonekana nchini: vimini, mawigi, krimu za kuchubua ngozi, magauni na suruali za kubana, na kaptura fupi mno. Kampeni ikapewa jina la Operesheni Vijana. Vitu hivyo, walisema viongozi wa umoja huo, ni uchafu wa kigeni, na vinaharibu utamaduni wa taifa.

Kila ninapoisoma orodha hiyo nakwama penye krimu. Kimini ni kitambaa. Wigi ni nywele za nailoni. Krimu za kujichubua za miaka hiyo, kwa kiasi kikubwa, zilikuwa na zebaki. Waliotunga orodha waliviweka vyote kapu moja na kuvipa kosa moja, kosa la maadili, na kosa hilo wakambebesha mtu mmoja, mwanamke anayepita njiani. Tangu hapo tumegombana kwa zaidi ya nusu karne juu ya urefu wa sketi, na muda wote huo sumu iliendelea kuuzwa.

Dar es Salaam ya wakati ule ilikuwa inakua kwa kasi. Sensa ya 1967 ilihesabu wakazi wasiozidi laki tatu, lakini kila mwaka mabasi na magari moshi yalishusha wengine kutoka mikoani. Miongoni mwao walikuwamo wasichana waliomaliza shule, wakapata kazi za ukarani na upigaji chapa katika ofisi za serikali na mashirika. Kwa mara ya kwanza tabaka zima la wanawake vijana lilishika mshahara wake mkononi, likapanga chumba na kwenda kazini asubuhi kwa basi la kampuni ya DMT. Vijana wa kiume waliokuja mjini kutafuta kazi hizohizo mara nyingi hawakuzipata. Mwanahistoria Andrew Ivaska, aliyezichambua kwa kina siasa za mitindo ya Dar es Salaam ya miaka ya 1960, ameonyesha kwamba ugomvi wa kimini ulikuwa pia ugomvi wa nani ana haki ya kuishi mjini na kula matunda yake. Nakubaliana naye. Ukizisoma hoja za wakati ule, hasira dhidi ya sketi inaambatana na hasira dhidi ya kazi ya ofisini, na dhidi ya wanaume wenye magari waliodhaniwa kuwahonga wasichana hao.

Mtindo wenyewe ulitoka London. Mary Quant alifungua duka lake, Bazaar, katika barabara ya King's Road mwaka 1955, na kufikia katikati ya miaka ya 1960 sketi za wasichana wa huko zilikuwa zimepanda juu ya magoti. Dar es Salaam ziliingia kwa njia ya sinema, ya magazeti kama Drum, na ya fundi cherehani aliyekaa barazani. Mteja alileta picha iliyokatwa gazetini na kitambaa alichokimudu. Fundi alimpima kiuno na nyonga kwa futi kamba, akachora kwa chaki, akakata. Pindo ndilo lililoamua kila kitu: fundi mwenye busara aliacha kitambaa cha ziada kwa ndani, ili mwenye nguo akikemewa nyumbani au kazini aweze kulifumua na kuishusha sketi. Na kwa mtu wa kipato kidogo kimini kilikuwa na faida nyingine, kwani kilikula kitambaa kidogo.

Wigi nalo lilikuwa na sababu zake. Msichana wa ofisini aliyetaka nywele zilizonyooka alikuwa na chanuo la chuma, linalopashwa moto juu ya jiko la mkaa kisha kupitishwa kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Aliyewahi kukaa chini ya chanuo hilo anajua harufu ya nywele zinazoungua, anajua na alama inayobaki sikioni mkono wa msusi ukiteleza. Tena unyevu wa pwani, au manyunyu kidogo tu, yalitosha kuzirudisha nywele zilivyokuwa. Wigi lilivaliwa asubuhi na kuvuliwa jioni, na nywele zenyewe zikapumzika chini yake zikiwa zimesukwa. Wapo walioliona kuwa ni kuikana asili yao, na hoja hiyo ina uzito wake. Lakini katika maisha ya kila siku lilikuwa pia njia ya kukwepa moto.

Siku chache tu baada ya tangazo, na miezi karibu mitatu kabla ya tarehe iliyowekwa, makundi ya vijana wa kiume yalianza kazi hiyo kwa mikono yao. Huko Kariakoo walisimamisha mabasi, wakapanda na kuwashusha wanawake waliovaa vimini au nguo za kubana. Wengine walichaniwa nguo, wengine walinyang'anywa mawigi yao. Polisi waliitwa kuwatawanya watu na kukamata baadhi yao. Viongozi wa Umoja wa Vijana wakajitenga na fujo hizo na kusema sizo walizoziagiza. Lakini mwanamke aliyekuwa ndani ya basi siku ile angewezaje kuitenganisha kauli ya kiongozi na mkono uliomshika? Aliyeitwa adui wa taifa gazetini asubuhi alishughulikiwa kama adui mchana.

Barua zikamiminika kwenye magazeti, Kiingereza na Kiswahili, kwa wiki kadhaa. Waandishi walioiunga mkono kampeni walisema kimini ni utumwa wa mawazo, ni ukahaba, ni matusi kwa wazazi. Waliopinga waliuliza swali ambalo mpaka leo halijajibiwa vizuri: huo utamaduni wa taifa umevaa nini? Suruali na shati vililetwa na wageni. Gauni refu la heshima lilienezwa na wamisionari. Kanga na vitenge vilichapwa kwa miaka mingi India na Ulaya kabla ya viwanda vyetu kuanza. Kiwanda cha Urafiki, kilichojengwa kwa msaada wa China, ndiyo kwanza kilikuwa kimefunguliwa mwaka huohuo wa 1968. Na viongozi wengi wa kiume walikuwa wamehamia kwenye suti za kola fupi zilizoitwa Chou En-lai, kwa jina la waziri mkuu wa China aliyeitembelea nchi mwaka 1965. Hakuna aliyewasimamisha barabarani kuwauliza utaifa wa koti lao.

Mkanganyiko mkubwa zaidi ulikuwa Arusha. Katika miaka hiyohiyo, 1967 na 1968, viongozi wa mkoa waliendesha kampeni ya kuwalazimisha Wamasai waache rubega na udongo mwekundu wa kujipaka, wavae suruali na mashati kama watu wa kisasa. Mmasai aliyevaa kama babu yake alionekana kuiaibisha nchi kwa kubaki nyuma. Msichana wa Dar es Salaam aliyevaa kama wasichana wa London alionekana kuiaibisha kwa kukimbilia mbele. Baadhi ya waandishi wa barua waliliona jambo hilo papo hapo. Kama ni asili tunayoitetea, waliuliza, kwa nini Mmasai anavuliwa ya kwake?

Chimbuko la yote haya lilikuwa na nia njema, na sitaki kulifuta. Mwalimu Nyerere alipoapishwa kuwa rais mwaka 1962 alitangaza kuunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, akisikitika kwamba ukoloni ulikuwa umewafundisha Waafrika kuona haya ngoma zao na kujivunia dansi za Wazungu. Jeraha hilo lilikuwa la kweli. Krimu ya kujichubua ilikuwa ushahidi wake ulio wazi kuliko wote: mtu amefundishwa kwamba rangi aliyozaliwa nayo ni doa, naye akalipa pesa kuliondoa. Umoja wa Vijana haukukosea kuiona krimu kuwa ni tatizo. Lakini hasira ya Kariakoo iliwashukia abiria wa mabasi. Haikwenda bandarini, haikwenda kwenye maduka ya jumla, wala haikwenda kwenye kurasa za matangazo zilizowaahidi wasichana kazi, mchumba na furaha kwa kopo moja.

Operesheni ilianza ilivyopangwa, vijana wa umoja wakapita mitaani kukagua mavazi, kisha nguvu zake zikapungua. Novemba 1969 ikaja amri nyingine, ya kupiga marufuku muziki wa soul jijini. Vimini havikwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 vijana wa kiume nao walikuwa na suruali za bugaluu zilizopanuka chini, viatu vya raizoni vya soli nene na nywele za afro, nao wakaanza kusakamwa. Nchi jirani zilikwenda mbali zaidi: Uganda ya Idi Amin ilipiga marufuku vimini kwa amri ya mwaka 1972, na Malawi ya Kamuzu Banda ikatunga sheria ya mavazi mwaka 1973, iliyowakataza wanawake hata kuvaa suruali na iliyodumu hadi miaka ya 1990.

Mwaka huohuo wa 1972, Nairobi, lilitokea jambo ambalo lilistahili kelele zote za Kariakoo na halikuzipata. Madaktari walichapisha katika British Medical Journal utafiti wa watu wazima 60 waliokuwa na ugonjwa wa figo ambao humfanya mgonjwa avimbe uso na miguu huku protini ikipotea kwenye mkojo. Zaidi ya nusu walikuwa wametumia krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki. Zebaki huizuia ngozi kutengeneza rangi yake, ndiyo maana mtumiaji huona matokeo. Lakini haiishii kwenye ngozi. Hupenya, huingia kwenye damu na kutua kwenye figo. Msichana aliyekuwa akipakwa matope kwa kukosa maadili huenda alikuwa, bila mtu kumwambia, anapoteza figo zake.

Zebaki ilipoanza kubanwa, krimu za haidrokwinoni zilichukua nafasi. Hizi nazo, zikitumiwa muda mrefu na jua letu hili, huweza kuigeuza ngozi ikawa na mabaka ya bluu-nyeusi yasiyotoka, na madaktari wa Afrika Kusini waliyaeleza madhara hayo katika miaka ya 1970. Baadaye zikaja dawa za steroidi, zilizotengenezwa kutibu ukurutu na zinazofaa kutumiwa kwa muda mfupi kwa maelekezo ya daktari. Huko saluni na majumbani vyote vikaanza kuchanganywa: krimu ya kopo, losheni ya chupa na mrija wa dawa ya ngozi hukamuliwa ndani ya bakuli la plastiki na kukorogwa kwa mpini wa kijiko hadi rangi iwe moja. Ndio mkorogo. Anayeukoroga hajui kipimo cha kilichomo, na anayeupaka hajui kabisa.

Mwili ukishapakwa husema wenyewe. Uso huwahi kubadilika, shingo hufuata, lakini vifundo vya vidole hukataa. Ngozi ya hapo ni nene na ina mikunjo, hivyo hubaki na weusi wake mkono mzima ukiwa mwekundu. Ndiyo asili ya ule utani wa uso wa Fanta na miguu ya Coca-Cola, utani ambao mimi siupendi, kwa sababu unamcheka mgonjwa. Steroidi zikishafanya kazi yake ngozi huwa nyembamba kiasi cha kuonyesha mishipa, huchubuka kwa kuguswa tu, na kidonda kidogo huchukua muda mrefu kupona.

Tanzania ilipata chombo cha kulishughulikia hili kwa sheria ya chakula, dawa na vipodozi ya mwaka 2003, iliyounda Mamlaka ya Chakula na Dawa, TFDA. Krimu zenye zebaki, haidrokwinoni na steroidi zikaingia kwenye orodha ya marufuku, na wakaguzi wakaanza kukamata mizigo na kuiteketeza. Kutoka Operesheni Vijana hadi hapo imepita miaka 35. Safari hii swali lilikuwa kilichomo ndani ya kopo na nani amekiingiza nchini, na naamini hilo ndilo lililopaswa kuulizwa tangu Oktoba 1968. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango, TBS. Magendo yapo bado, mipaka yetu ni mirefu, lakini angalau anayefuatwa ni mwenye mzigo.

Kuhusu nguo, tumekwenda polepole zaidi. Novemba 2014 wanaume walimvua nguo mwanamke kwenye kituo cha mabasi Nairobi wakidai amevaa vibaya. Mamia ya wanawake waliandamana tarehe 17 mwezi huo, na mwezi uliofuata Kenya ikaongeza kwenye sheria zake kosa la kumvua mtu nguo kwa nguvu. Juni 2021, Dodoma, Spika alimtoa nje ya Bunge la Tanzania mbunge mwanamke kwa sababu ya suruali yake, baada ya mbunge mwenzake wa kiume kusimama kulalamika. Jambo hilo lilijaza magazeti kwa siku kadhaa.

Laiti nafasi hiyo ingetolewa kila mwezi kwa maneno yanayoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya makopo. Zebaki mara nyingi haijitaji kwa jina la Kiswahili. Kwenye lebo hujificha kama mercury, mercuric, mercurous, mercurio au calomel. Haidrokwinoni huandikwa hydroquinone. Steroidi huja kwa majina kama clobetasol na betamethasone. Na kopo lisilo na orodha yoyote ya viambato, au lililoandikwa kwa lugha ambayo hata muuzaji haisomi, lirudishwe juu ya meza yake.