Dhamana ya Mgodi wa Wazi Ikadiriwe kwa Bei ya Mkandarasi: Mifano ya Tororo na Busia

Sheria za pande zote mbili za mpaka zinamtaka mchimbaji aweke dhamana ya mazingira, yaani fedha za kurekebisha ardhi baada ya uchimbaji. Uganda iliweka sharti hilo katika Sheria ya Madini ya 2003, Kenya katika sheria yake ya 2016. Ubishi uliobaki ni kiasi cha fedha. Mwombaji wa leseni ana kila sababu ya kukadiria kwa bei yake mwenyewe: tingatinga lake liko mgodini, dereva yumo kwenye orodha ya mishahara, dizeli anainunua kwa jumla. Nashikilia kwamba hesabu hiyo haifai kabisa, kwa kuwa dhamana huguswa siku ambayo yeye hayupo.

Kutoweka kwa mwenye kazi si jambo geni Tororo. Kiwanda cha mbolea kilichotumia fosfeti ya vilima vya Sukulu kilianza miaka ya 1960, na kufikia mwisho wa miaka ya 1970 kilikuwa kimesimama, Uganda ikiwa katika misukosuko. Hakuna mpango wa biashara unaoandika tarehe ya kuanguka kwake. Ndiyo maana sheria ya Marekani ya 1977 kuhusu migodi ya wazi ya makaa ya mawe inataka dhamana iitoshe serikali kukamilisha kazi mchimbaji akishindwa. Maana yake ni kujumlisha gharama za kuleta mitambo kutoka mbali, faida ya mkandarasi, usimamizi, michoro mipya na akiba ya dharura.

Tuchukue hekta moja tu. Kurudisha udongo wa juu wa kina cha sentimita 30 kunahitaji mita za ujazo 3,000. Udongo ukichimbuliwa hufumuka; ukifumuka kwa asilimia 25, zinakuwa 3,750. Kwa lori la mita za ujazo 10, hizo ni safari 375, kabla ya kusawazisha miteremko, kuchimba mifereji na kupanda mti wowote. Kila safari ina bei inayotegemea umbali, mwinuko wa barabara na muda wa kusubiri kupakiwa. Kwa hiyo mahali unaporundikwa udongo siku ya kwanza ya uchimbaji ndipo gharama za miaka ijayo zinapoamuliwa. Tena mvua za Machi hadi Mei hugeuza mfinyanzi kuwa utelezi. Mtambo uliokodiwa kwa siku utalipiwa hata ukikwama.

Sukulu ina ugumu wake, nao ndio unaonisumbua zaidi. Sehemu kubwa ya fosfeti yake imo katika udongo uliotokana na kuoza kwa mwamba, uliojaa mabondeni. Udongo unaolimwa na madini yanayotafutwa vimechanganyika. Kinachobaki baada ya uchenjuaji si kile kilichotoka shimoni, wala hakitoshi kulijaza. Anayeandika tu “shimo litafukiwa” anapaswa kuonyesha udongo wa kufukia utatoka shamba la nani, na kwa bei gani.

Upande wa Busia, kwenye dhahabu ya Tiira, hesabu inaingiliwa na zebaki. Mabaki yenye zebaki hayasukumwi tu shimoni: yapimwe maabara, yatengwe, yazuiwe yasisombwe na maji. Mto Sio, ulio mpakani, hauna forodha. Unaelekea Ziwa Victoria, ziwa letu sote. Mashimo ya wachimbaji wadogo wasio na leseni hayana dhamana yoyote, na kuyafukia kunahitaji mfuko wa umma unaotokana na mrabaha.

Bamburi, Mombasa, hutajwa kila mara kama mfano mwema, na kwa haki. René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya kiwanda cha saruji, kisha majongoo wakala majani makavu na kusaidia kujenga udongo mpya. Lakini kazi ile ilichukua miaka mingi, na kampuni ilikuwapo muda wote. Makadirio yanayolipia upandaji wa msimu mmoja bila miaka ya palizi na kurudishia miche iliyokufa yameacha sehemu ya kazi.

Naziomba mamlaka za mazingira za Kampala na Nairobi zichapishe karatasi ya hesabu ya kila mgodi: ujazo, umbali, bei ya kukodi mtambo, na jumla yake. Hesabu hizo zikokotolewe upya kila mwaka, dizeli inapopanda na shimo linapopanuka, na nakala ibandikwe ofisi ya kata ambako mwenye shamba jirani anaweza kuisoma.