Bonhoeffer Huko Washington: Safari Fupi ya Mwanafunzi Ugenini, Desemba 1930

Kila aliyesoma historia ya Kanisa katika vyuo vyetu anazijua habari za Martin Luther kwenda Roma, safari ambayo wanahistoria wengine huiweka mwaka 1510 na wengine mwaka 1511. Ipo safari nyingine ya mwanafunzi wa theolojia, fupi zaidi na isiyo na sifa kama ile, ambayo tunaona inastahili kuangaliwa. Ni safari ya Dietrich Bonhoeffer kutoka New York kwenda Washington, jiji kuu la Marekani, mwanzoni mwa Desemba 1930. Ilichukua siku chache tu. Wengi wanaosimulia maisha yake huipita kwa sentensi mbili tatu, wakakimbilia Harlem, na kutoka Harlem wakakimbilia gerezani na kwenye kitanzi cha Flossenbürg cha tarehe 9 Aprili 1945.

Bonhoeffer alikuwa na umri wa miaka 24. Kwa kweli kumwita mwanafunzi ni kufuata kumbukumbu za chuo tu, kwa maana shahada ya udaktari alikuwa ameipata Berlin tangu mwaka 1927. Lakini kwa sheria za Kanisa lake umri wake haukuruhusu bado abarikiwe kuwa mchungaji, naye akapewa nafasi ya kusoma mwaka mmoja katika Union Theological Seminary, New York. Alifika Septemba 1930. Mafundisho aliyoyakuta hayakumridhisha hata kidogo. Aliwashangaa wanafunzi walioweza kuicheka hoja ya Luther juu ya utumwa wa utashi, na katika taarifa aliyoiandika baadaye hakuwaonea haya walimu wala wahubiri wa mjini. Injili, kwa maoni yake, aliisikia ikihubiriwa kwa Wamarekani weusi.

Aliyemfungulia mlango huo alikuwa mwanafunzi mwenzake, Frank Fisher, mweusi kutoka Alabama. Kwa njia ya Fisher, Bonhoeffer alianza kuhudhuria ibada katika kanisa la Kibaptisti la Abyssinian huko Harlem, ambako mchungaji alikuwa Adam Clayton Powell mzee, naye akafundisha shule ya Jumapili hapo. Na ni Fisher aliyekwenda naye Washington.

Kulikuwa na sababu rasmi ya kwenda huko: Baraza la Shirikisho la Makanisa ya Marekani lilikuwa na mkutano wake, na Bonhoeffer alihudhuria kama mgeni. Mgeni wa kawaida angesikiliza hotuba, angetembezwa kuona majengo ya serikali, na angerudi. Bonhoeffer alifanya jambo lingine. Katika siku zile aliishi kati ya watu weusi. Kwa njia ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Howard, kilichoanzishwa mwaka 1867, aliwafahamu watu waliokuwa mbele katika harakati za weusi, akaingia nyumbani mwao, akakaa akazungumza nao.

Inafaa tukumbuke Washington ya wakati huo ilikuwaje. Ndilo jiji lililokuwa limejenga ukumbusho mkubwa wa Abraham Lincoln, mkombozi wa watumwa, na siku ulipozinduliwa, mwaka 1922, wageni weusi walitengewa mahali pao pa kuketi. Tangu utawala wa Rais Woodrow Wilson, ulioanza mwaka 1913, watumishi weusi na weupe walikuwa wametenganishwa katika ofisi kadhaa za serikali kuu. Migahawa ya weupe katikati ya jiji haikuwahudumia weusi. La ajabu ni kwamba jiji lenyewe lilikuwa na sheria za miaka 1872 na 1873 zilizokataza ubaguzi huo. Hazikufutwa, zilisahauliwa tu. Mahakama Kuu ya Marekani ndiyo iliyozifufua mwaka 1953, baada ya mama mmoja mzee, Mary Church Terrell, aliyezaliwa mwaka 1863, kwenda kuomba chakula mgahawani na kukataliwa, akashitaki. Kwa hiyo mwaka 1930 dhambi hiyo ilitendeka kinyume hata cha sheria iliyoandikwa, na watu wazuri, waumini, walipita mbele yake kila siku.

Tarehe 2 Januari 1931 Bonhoeffer alimwandikia kaka yake, Karl-Friedrich, mwanakemia mashuhuri, habari za mambo hayo. Alimweleza kwamba kusini mwa Washington mabehewa ya treni, tramu na mabasi yalitengwa, na kwamba yeye mwenyewe alipotaka kula katika mgahawa mdogo pamoja na mtu mweusi alinyimwa huduma. Hali hiyo ilimwia vigumu kuisadiki. Karl-Friedrich, ambaye naye alikuwa amefika Marekani, alimjibu kwamba aliona vivyo hivyo. Hata nafasi aliyopewa Harvard aliikataa, na sababu mojawapo ilikuwa kwamba hakutaka watoto wake wairithi shida hiyo. Akaongeza kwamba, ikilinganishwa na hayo, suala la Wayahudi huko kwao Ujerumani lilikuwa mzaha.

Hapa tunamwomba msomaji atue kidogo. Walioandikiana barua hizi walikuwa watu wenye elimu na dhamiri safi, wa nyumba iliyochukia chuki. Ugenini waliona vizuri sana. Waliloliona kwa jirani lilikuwa kweli tupu. Na miaka miwili tu baadaye, tarehe 30 Januari 1933, Hitler alikuwa Kansela.

Tarehe 1 Aprili 1933 watu wa Hitler walisimama milangoni mwa maduka ya Wayahudi kuwazuia wateja. Bibi yake Bonhoeffer, Julie, mwenye umri wa miaka 90, aliwapita akaingia kununua alichokitaka. Hatuna budi kusema kwamba bikizee huyu hakuhitaji kwenda Washington. Tarehe 7 mwezi huohuo ikatolewa sheria ya kuwaondoa watu wa asili ya Kiyahudi katika utumishi wa serikali, na punde wakatokea waliotaka sheria hiyo itumike hata kwa wachungaji.

Bonhoeffer aliandika mapema kuliko wengi. Katika makala yake ya mwaka 1933 kuhusu Kanisa na suala la Wayahudi alitaja njia tatu: Kanisa kuiuliza serikali kama matendo yake ni halali, Kanisa kuwasaidia walioumizwa na gurudumu, hata wasio Wakristo, na, ikibidi, kulizuia gurudumu lenyewe. Wako wanaodai kwamba maneno hayo yalizaliwa Marekani. Sisi hatuthubutu kusema hivyo moja kwa moja, kwa kuwa makala hiyo inayo pia mafundisho ya zamani juu ya Wayahudi ambayo leo hakuna hata mmoja wetu angeyafundisha darasani.

Tena lipo jambo la Aprili ileile ambalo wampendao hawapendi kulitaja. Dada yake pacha, Sabine, aliolewa na Gerhard Leibholz, mwanasheria wa asili ya Kiyahudi. Tarehe 11 Aprili baba yake Gerhard alifariki, naye hakuwa amebatizwa. Familia ilimwomba Dietrich aendeshe mazishi. Alimwendea mkuu wake wa Kanisa kutaka shauri, mkuu akamwambia isingefaa wakati ule, naye akakubali kutokwenda. Mtu aliyeketi mezani na weusi wa Washington, na aliyeondoka bila kula mahali walipokataliwa, alishindwa kusimama kaburini pa mkwe wa dada yake katika nchi yake mwenyewe. Ugenini hakuwa na mkuu wa kumwomba ruhusa, wala cheo cha kupoteza. Nyumbani alikuwa navyo vyote viwili. Vijana wetu wanaorudi kutoka ng'ambo na taarifa kali juu ya ubaguzi wa huko, nasi huzisoma kwa kuitikia vichwa, wanarudi pia kwenye sharika zenye makabila, koo na wakuu wake.

Mwezi Novemba 1933, akiwa mchungaji wa Wajerumani huko London, Bonhoeffer aliwaandikia shemeji yake na dada yake kuomba msamaha. Alikiri kwamba hakuelewa tena jinsi alivyoweza kuwa mwoga kiasi kile, na kwamba jambo hilo halingeweza kurudishwa nyuma. Miaka miwili baadaye, katika seminari ya Finkenwalde, aliwapigia wanafunzi wake santuri za nyimbo za kiroho za weusi alizotoka nazo Marekani. Na Septemba 1938, Gerhard na Sabine walipoikimbia Ujerumani pamoja na binti zao wawili, Dietrich alikuwa kwenye gari la pili, akiwasindikiza sehemu ya njia.