Studio ya Picha na Serikali Zilizopita

Mtu wa Pangani wa zama za majahazi, aliyetaka sura yake ihifadhiwe katika karatasi na fundi aliyebobea, alikuwa karibu zaidi na Unguja kuliko Dar es Salaam. Na kwa kuwa bahari ndiyo iliyokuwa barabara yake, ya sukari, ya pembe na ya harusi, haikuwa ajabu avuke kwa ajili ya picha kama alivyovuka kwa shughuli nyingine. Kwa hiyo mwenye kuandika tarikhi ya studio za picha katika mwambao wetu hawezi kuanzia Pangani na kukomea Pangani. Hana budi naye avuke.

Fani yenyewe ilitangazwa Paris mwaka 1839, wala haikukawia kutufikia. Baina ya 1846 na 1848 nahodha wa Kifaransa, Charles Guillain, alipoizunguka pwani hii kwa merikebu iitwayo Ducouëdic, palipigwa picha za namna ile ya kwanza, ambayo kila picha ilikuwa bamba moja la shaba lililopakwa fedha, lisiloweza kutolewa nakala. Lakini yule alikuwa mgeni aliyekuja kututazama, na studio ni jambo jingine kabisa: ni mahali ambapo mtu huenda kwa miguu yake, amevaa alichokichagua, akalipa, akangoja. Studio za namna hiyo zilipandwa Unguja na Wagoa katika miongo ya mwisho ya karne ya 19, na jina lililovuma kuliko yote ni la A. C. Gomes, aliyetokea Aden. Kule Dar es Salaam ya Wajerumani walikuwako Vincenti na Walther Dobbertin, ambao aghalabu waliwapigia Wajerumani wenzao reli, mashamba na askari. Nao siwahesabu sana katika habari hii.

Mwaka 1930 Ranchhod T. Oza, Mhindi aliyejifunza kazi katika nyumba ya Gomes, alifungua Unguja studio yake mwenyewe, Capital Art Studio, akawa mpiga picha wa kasri la Sultani na, kwa taa zilezile, wa mchuuzi, karani na bibi harusi. Wasioijua kazi hudhani ufundi ulikuwa katika kubofya. La hasha! Ufundi ulianza mteja alipokwisha kuondoka: sahani ya kioo, au filimu kwa wakati wa baadaye, ilisafishwa katika chumba cha giza chenye taa nyekundu, ikakaushwa, kisha ikasimamishwa mbele ya mwanga wa dirisha, na fundi, akiwa na penseli iliyochongwa hata ikawa kama sindano, alitia vidoto vidogo mno palipokuwa na kovu la ndui au mkunjo wa uso. Katika negativu weusi ndio utakaokuwa weupe, hivyo aliyetaka kuling'arisha paji la uso alilitia giza. Mkono ukizidi kidogo tu, mzee wa miaka sitini hutoka laini kama kijana, na wanawe wakamkataa.

Dini nayo ilikuwa na neno lake, maadamu wapo masheikh waliochukia sura za viumbe, na hata leo ziko nyumba ambazo picha haitundikwi ukutani. Lakini sheikh huyohuyo, alipokusudia Makka, aliambiwa kwamba pasi ya kusafiria haitolewi ila kwa picha, akakaa juu ya kigoda mbele ya pazia kama watu wengine. Hapa ndipo nionapo siri ya maisha marefu ya kazi hii. Januari 1964 Sultani alikimbia, kasri likabadili wenyewe, na studio ya Oza haikufa. Kwani serikali yoyote, iwe imerithi, imechaguliwa au imepindua, hutaka kuijua sura ya mtu wake, na sura hiyo huigandisha katika kitambulisho.

Huku bara, mkonge uliopandwa kwanza Kikogwe, karibu na Pangani, baada ya Mjerumani Richard Hindorf kuuleta mwaka 1893, ulileta mshahara, na mshahara ukaleta wateja: manamba aliyekuwa mbali na kwao hakuwa na njia bora ya kuwathibitishia jamaa zake kwamba yu hai, mzima, na ana viatu. Pigo lililoziumiza studio halikuwa siasa peke yake, ijapokuwa utaifishaji wa majumba wa 1971 uliwaondosha Wahindi wengi wenye maduka. Lilikuwa pia uhaba wa fedha za kigeni mwishoni mwa miaka ya 1970, ambapo bidhaa za kuagizwa ng'ambo, karatasi na dawa za kusafishia picha miongoni mwazo, zilipatikana kwa taabu. Milango ya biashara ilipofunguliwa zama za Rais Ali Hassan Mwinyi, picha za rangi zikaja kwa wingi, na penseli ya fundi ikakosa kazi.

Asiachwe Omar Said Bakor wa Lamu (1932–1993), aliyekata picha na kuzibandika hata wateja wake wakachipua ndani ya maua. Kwangu mimi huyo ndiye aliyekuwa msanii, wengine walikuwa mafundi. Na katika miaka ya 1990, penye kivuko cha Likoni, Mombasa, wapiga picha walisimamisha vibanda vyenye mapazia ya ndege na meli, abiria akapanda ndege kabla hajapanda pantoni.

Simu ya mkononi imeyachukua yote hayo isipokuwa picha ya pasi. Duka la Oza, lililorithiwa na mwanawe Rohit, likageukia kuwauzia watalii nakala za picha za kale: masultani, mabaharia, na watu wa kawaida waliolipia wenyewe sura zao ili ziwafikie jamaa, ambazo sasa hununuliwa na wageni wasiowafahamu.