Diski Iliyokuja kwa Posta: Mifumo Huria ya Kompyuta Kasese na Bwera

Reli ilifika Kasese mwaka 1956 kufuata shaba ya Kilembe. Tangu hapo mji huo umezoea kukaa mwishoni mwa njia, mahali ambapo kila kitu hufika kikiwa kimepita mikono mingi. Programu za kompyuta nazo zilifika hivyo hivyo. Hoja yangu ni kwamba, kabla ya kebo za baharini, kuchagua mfumo endeshi huria wa kutumia nyumbani kulitegemea kwanza usafirishaji. Ladha ya mtumiaji ilifuata nyuma.

Ubuntu ilitolewa Oktoba 2004 na kampuni ya Canonical ya Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina hilo ni "utu" wetu katika Kizulu na Kixhosa. Hadi Aprili 2011 kampuni hiyo ilituma diski bila malipo kwa mtu yeyote mwenye anwani ya posta. Diski moja ilibeba takriban megabaiti 700. Kuipakua kwa intaneti ya setilaiti, kabla ya kebo ya SEACOM kufunguliwa Julai 2009, kulikuwa ghali na kwa taabu, kwa hiyo mwenye sanduku la posta Bwera alimshinda mwenye pesa za kafe.

Hata hivyo, diski ile ilikuwa na pengo. Kwa sababu ya hataza, Ubuntu haikuweza kucheza nyimbo za MP3 mpaka mtumiaji aongeze vipande kutoka intaneti. Kwa mtu wa London hiyo ilikuwa kazi ya dakika chache. Lakini Bwera iko karibu na Mpondwe, na ng'ambo ni Kasindi, Kongo. Kompyuta isiyoimba hapo ina faida gani baada ya saa za kazi? Linux Mint, iliyoanza mwaka 2006, ilipata sifa kwa kuweka vipande hivyo ndani ya diski yenyewe. Debian nayo ilikuwa na seti za diski nyingi zenye maelfu ya programu, hivyo mtu angeweza kuongeza programu bila intaneti kabisa. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo iliyofaa zaidi mji wa mpakani, ingawa kuisakinisha kulihitaji subira.

Lugha haikuamua mengi. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004, lakini kilikuwa Kiswahili sanifu, si kile cha sokoni Mpondwe.

Leseni za hataza za MP3 zilikoma mwaka 2017. Mwaka huo huo Ubuntu iliacha kutengeneza diski yake kuu kwa kompyuta za biti 32, yaani zile kuukuu ambazo hufika mwishoni mwa njia. Debian iliendelea kuzipokea hadi toleo la 13, Agosti 2025.