Kosa la nani?

Jamani, kuna simu niliyopigiwa wiki iliyopita ambayo mpaka leo inanisumbua. Aliyepiga ni ofisa mmoja niliyemwandika gazetini. Taarifa yake ilikuja kwa Kiingereza, na humo alisema kulikuwa na "misunderstanding". Mimi, saa kumi na mbili jioni, mhariri kanisimamia kichwani, nikaandika kwamba bwana mkubwa amekiri kosa. "Mdogo wangu," akaniambia taratibu bila hata kufoka, "mimi nilisema hatukuelewana. Wewe umenitia hatiani." Sikuwa na jibu.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyafukua maneno haya ya Waingereza. "Error" asili yake ni Kilatini, kutangatanga, kama msafiri aliyepotea njia. "Mistake" lilitoka kwa watu wa Skandinavia: kuchukua kitu sicho. "Blunder" nalo linahusishwa na lugha za huko huko, na neno la kufumba macho. Zamani lilitumika kwa mtu anayekwenda akipapasa kama kipofu. Sisi tuna "kosa": unakosa shabaha, unakosa chakula, unakosea njia, na hilo hilo ndilo mshitakiwa anasomewa mahakamani. Ndiyo maana yule ofisa alipandwa na presha.

Mtu akichagua neno la namna hii, anachagua pia wa kulaumiwa. Nawapa mfano wa Balaclava.

Tarehe 25 Oktoba 1854, katika vita vya Crimea, Lord Raglan, mkuu wa jeshi la Uingereza, alikuwa juu kilimani. Akaona Warusi kama wanataka kuondoka na mizinga waliyoiteka asubuhi ile. Akatuma karatasi: wapanda farasi wasonge mbele haraka, wawazuie adui wasiichukue mizinga. Mizinga ipi? Karatasi haikusema. Lord Lucan, aliyeipokea, alikuwa chini bondeni. Vilima vilimziba, hakuiona mizinga ile aliyoiona bosi wake. Alipouliza, Kapteni Nolan aliyeleta karatasi akanyoosha mkono kuelekea bondeni. Huko mwisho wa bonde kulikuwa na mizinga kweli, lakini ya Warusi wenyewe, imejipanga inasubiri.

Wapanda farasi zaidi ya 600 wakaingia, wakiongozwa na Lord Cardigan, shemeji yake Lucan ambaye walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Walipigwa kutoka pande tatu. Askari kama 110 walikufa, na Nolan alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka.

Sasa angalieni maneno. Siku chache baadaye Raglan aliandika ripoti yake kwenda London, akatumia neno "misconception": amri ilieleweka vibaya. Kwa neno hilo moja, aliyetuma amri akatoka msafi, mzigo ukamwangukia aliyeisoma. Lucan alilalamika, akaitwa nyumbani mwaka 1855. Akaomba ashitakiwe mahakama ya kijeshi ili ajitetee, akakataliwa. Yeye naye alimtupia lawama Nolan, na maiti haijibu.

Magazeti hayakubaki nyuma. The Times, Novemba 1854, liliandika "blunder". Mshairi Tennyson akalibeba neno hilo hadi kwenye shairi lake lililotoka Desemba mwaka huo huo, na ndilo dunia inalolikumbuka. Ni neno lililofumba macho kweli kweli: linasema mambo yaliharibika, halisemi nani aliyaharibu.

Kiswahili chetu si maskini. Tuna kukosea, kupitiwa, kughafilika, kutoelewana. "Nilipitiwa" haliwezi kumfunga mtu. "Hatukuelewana" linagawa mzigo kwa wawili. "Amekiri kosa" linambebesha mmoja wote. Maneno yote hayo nilikuwa nayo kichwani jioni ile, nikachukua lililo fupi kwa sababu lilienea vizuri kwenye kichwa cha habari.

Nilimwomba mhariri tusahihishe, akakubali. Sahihisho lilitoka mistari minne, ukurasa wa ndani, chini ya matangazo. Habari yenyewe ilikuwa ukurasa wa kwanza.

Nimempigia yule mzee kumwomba radhi. Nilimwambia nilikosea. Sikusema hatukuelewana, maana yeye alieleweka vizuri tu.